Nyoka akijivua gamba: alishwe lini, nini, na kiasi gani

Macho ya nyoka yakishaingia ukungu, acha panya kwenye friza. Hilo ndilo jibu fupi, na kwa wafugaji wengi latosha. Nyoka atakaa siku saba, kumi, pengine kumi na nne bila kula, na hatapungukiwa. Chatu mzima mwenye afya hukaa wiki nyingi tumbo likiwa tupu bila mwili wake kuonyesha tofauti. Kinachomdhuru nyoka wakati huu ni hewa kavu, panya hai aliyeachwa naye ndani, na mikono ya mfugaji isiyotulia.

Maelezo haya yanawahusu zaidi nyoka wawili wanaofugwa sana duniani. Wa kwanza ni chatu mpira, Python regius, yule mfupi mnene wa Afrika Magharibi ambaye maeneo yake yanafika hadi Uganda, na ambaye akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Wa pili ni nyoka-mahindi, Pantherophis guttatus, wa kusini-mashariki mwa Marekani. Tutamgusa pia nyoka-mchanga wa Kenya, anayejulikana zaidi kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani kuliko kwa majirani zake wa nyumbani. Aliyeko Kenya au Tanzania akumbuke kwamba nyoka wa porini si mali ya aliyemkamata: kumfuga kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, na kumvusha mpaka chatu wa aina yoyote kunahitaji hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

(Tangu 2011, chama cha CCM kilipolitumia kwa kampeni yake ya kujisafisha, neno "kujivua gamba" lina harufu ya siasa kwa Mtanzania. Hapa tunalirudisha kwa mwenyewe, ambaye hujivua lote, kuanzia puani hadi ncha ya mkia, bila kamati.)

Mpangilio wa dalili, na mtego uliomo

Dalili ya kwanza ni rangi kufifia. Ngozi huonekana kama imepakwa vumbi la chaki, na tumbo la chatu mpira hupata wekundu wa waridi. Nyoka bado anaona na huenda bado anakula, ila anaanza kushinda mafichoni. Siku mbili tatu baadaye macho yanageuka rangi ya maziwa yenye ubuluu. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, mfano wa kioo cha saa, na gamba hilo hubadilishwa pamoja na ngozi yote. Ukungu unaouona ni majimaji yanayojaa kati ya ngozi kuukuu na mpya ili kuzitenganisha.

Kisha ukungu unaondoka. Macho yanang'aa, rangi inarudi kidogo, na mfugaji anadhani shughuli imekwisha. Haijaisha. Majimaji yamenyonywa tu. Gamba lenyewe bado liko mwilini, na litavuka baada ya siku mbili hadi tano. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa nyoka huyu anaonekana mzima kabisa. Kipimo ni kimoja: tafuta gamba. Kama hujaliona ndani ya kizimba, limekunjwa nyuma ya bakuli au limezama majini, basi nyoka hajajivua, hata macho yake yang'ae vipi.

Mzunguko mzima huchukua siku 7 hadi 14. Nyoka mdogo anayekua haraka hujivua karibu kila wiki nne hadi sita, kwa hiyo kukosa mlo mmoja katika kila mzunguko ni jambo la kutarajia. Mkubwa hujivua mara chache tu kwa mwaka. Nyoka-mchanga ndiye msumbufu wa kumsoma, maana anashinda amejifukia, macho yake ni madogo, na mara nyingi habari unaipata pale unapokuta gamba juu ya mchanga. Kwake yeye daftari la tarehe lina faida kuliko macho yako.

Kwa nini anakataa

Haoni vizuri, na anajua. Nyoka asiyeona huwa windo rahisi, hivyo anajificha na kuhesabu kila kinachomkaribia kuwa adui. Panya unayemning'iniza mbele yake kwa koleo anaweza kugongwa, lakini kwa pigo la kujihami, si la njaa: nyoka anagonga, anaachia, anarudi nyuma. Ukirudia mara tatu nne unamfundisha kwamba koleo ni kitu cha kuogopa, na hofu hiyo hubaki hata baada ya gamba kuvuka. Chatu mpira ana vishimo vya kuhisi joto kwenye midomo, kwa hiyo anaweza kulenga hata akiwa na ukungu. Nyoka-mahindi hana vishimo hivyo. Hutegemea macho na harufu.

Wapo wanaosema pia kwamba panya mkubwa tumboni hutanua ngozi wakati mbaya na kusababisha gamba livuke vipande vipande. Wapo wanaolisha kila wiki bila kujali macho na hawajaona tatizo. Sisi tunapima hivi: kumlisha hakuleti faida yoyote ambayo haiwezi kungoja wiki moja, na kumngoja hakugharimu chochote.

Nyoka-mahindi wengine wana uroho, hawaachi chakula hata wakiwa na macho ya maziwa. Ukitaka kumpa, mpe nusu ya kiasi chake cha kawaida, panya aliyekufa, umweke kwenye kisahani karibu na maficho jioni na kuondoka. Asipomla, toa asubuhi. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam usingoje asubuhi. Saa nne au tano zinatosha kabla nyama haijaanza kunuka.

Panya hai haruhusiwi kabisa. Panya aliyefungiwa na nyoka asiyetaka kula atamtafuna nyoka mgongoni, na majeraha hayo hufika hadi kwenye mfupa. Nyoka mwenye ukungu machoni hata hamuoni anayemtafuna.

Na kama alikula juzi, leo ndipo rangi inafifia? Hakuna la kufanya isipokuwa kuhakikisha joto lipo. Mlo utasagika na gamba litavuka kwa wakati wake.

Kazi ya wiki hiyo ni unyevu

Badala ya kufikiria chakula, fikiria hewa. Chatu mpira anahitaji unyevu wa karibu asilimia 60 siku za kawaida. Akianza kufifia, upandishe hadi 70 au 80. Nyoka-mahindi hutosheka na 40 hadi 60, na 60 hadi 70 wakati wa kujivua. Nunua kipima unyevu cha kidijitali na ukiweke chini anapolala nyoka, si ukutani juu.

Tatizo hutegemea unapoishi. Mwambao wa Afrika Mashariki hewa yenyewe karibu inatosha. Nairobi mwezi wa Julai shida ni baridi, na taa za kupasha joto hukausha kizimba. Muscat au Dubai kiyoyozi kinachokesha ndicho adui. Ulaya na Kanada wakati wa baridi, mfumo wa kupasha nyumba joto unaweza kushusha unyevu wa chumba hadi asilimia 30.

Usilowanishe sakafu nzima. Nyoka anayelalia matandiko yaliyoloa siku nyingi hupata vidonda vya tumboni na ugonjwa wa mapafu. Mtengenezee maficho yenye unyevu. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko, ukubwa wa kumtosha akiwa amejikunja bila nafasi kubwa ya ziada. Toboa mlango mmoja ubavuni, upana wake mara moja na nusu ya sehemu yake nene zaidi, na usugue kingo kwa msasa maana plastiki iliyokatwa hukata ngozi mpya. Jaza nusu kwa kuvumwani (moss) za kufugia wanyama au unga wa makumbi ya nazi uliooshwa vizuri kuondoa chumvi. Ukamue mpaka usidondoshe tone. Liweke boksi kati ya upande wa joto na wa baridi. Likikaa juu ya chanzo cha joto litakuwa sufuria ya mvuke. Badilisha kilichomo kila siku tatu, la sivyo ukungu wa fangasi utaota.

Joto lisibadilike kwa sababu anajivua. Chatu mpira: upande wa joto nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi 25 hadi 27. Nyoka-mahindi: 29 au 30, na 22 hadi 24. Bila themostati, kifaa cha kudhibiti joto, namba hizi ni matumaini tu. Maji ya kunywa yabadilishwe kila siku, na pawe na jiwe au kigogo chenye mikwaruzo ya kusugulia pua. Kumshika, hapana, mpaka amalize.

Siku ya kulisha

1. Likague gamba. Litakuwa limegeuka ndani nje, kama soksi iliyovuliwa haraka, na refu kuliko nyoka mwenyewe kwa sababu limenyooshwa. Likiwa limekauka, lilowanishe kwanza ndipo ulifungue. Tafuta vitu viwili: vioo viwili vya macho, duara ndogo angavu upande wa kichwa, na ncha ya mkia. Vyote vikiwepo, endelea.

2. Ngoja saa 24. Mara nyingi atakunywa maji na kujisaidia, na utakuta kinyesi pamoja na donge jeupe kama chokaa, ambalo ndilo mkojo wake. Safisha, badilisha matandiko yaliyochafuka, mpime kwa mizani ya jikoni isiyotumika tena kwa unga, na uandike uzito.

3. Panya aliyegandishwa mtoe friza usiku wa jana na umweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, mbali na vyakula vya watu. Saa moja kabla ya kulisha, tumbukiza mfuko kwenye maji ya nyuzi 40. Mbonyeze tumboni: ukihisi kitu kigumu, katikati bado ni barafu, na barafu hiyo itamfanya nyoka atapike. Usitumie maikrowevu, kwa sababu hupika sehemu moja na kuacha nyingine mbichi, na tumbo la panya hupasuka. Kwa chatu mpira, mwishoni chovya kichwa cha panya dakika moja zaidi kiwe cha moto kuliko mwili, maana hapo ndipo atakapolenga. Mfute maji.

4. Lisha jioni, taa ikiwa hafifu. Tumia koleo la sentimita 30 au zaidi, umshike panya kiunoni, umlete kwa usawa wa kichwa cha nyoka, kidogo pembeni. Kitu kinachoshuka kutoka juu nyoka hukichukulia kama ndege wa kuwinda. Mtikise polepole, kisha tulia.

5. Zikipita dakika 15 bila kugonga, mwache panya mbele ya maficho, funika, ondoka. Asubuhi tupa aliyebaki. Panya aliyeyeyuka harudishwi friza.

6. Akishakula, usimguse kwa saa 48, na joto lisikatike. Hili la joto lina uzito pale ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kusagia chakula. Kizimba kikipoa usiku kucha, panya huoza tumboni badala ya kusagika, na hutapikwa. Kama mgao wa umeme umetangazwa, ahirisha mlo. Ukikushtukiza, chupa za maji ya moto zilizofungwa taulo zitakuvusha saa kadhaa.

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada. Nyoka na panya wote wawili hubeba bakteria wa salmonela.

Kiasi, na kosa la kufidia

Panya asizidi unene wa sehemu nene ya nyoka. Kwa uzito, nyoka mdogo hupewa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, mkubwa asilimia 5 hadi 7. Kwa hiyo chatu mpira wa gramu 800 atatosheka na panya wa gramu 40 hadi 56 kila wiki mbili hivi. Nyoka-mahindi mzima wa gramu 500 hupewa panya mdogo mweupe wa gramu 25 hadi 35 kila siku 10 hadi 14. Kitoto cha nyoka-mahindi hula kitoto cha panya kisicho na manyoya cha gramu mbili hivi, kila siku tano hadi saba.

Amekosa milo miwili? Mpe mmoja, wa kawaida. Kufidia kwa panya wawili au kwa mmoja mkubwa ndiyo njia ya haraka ya kumtapisha. Nyoka akitapika amepoteza maji, chumvi na asidi ya tumbo, na koo limeungua. Baada ya hapo mwache siku 14 na maji safi, halafu mpe nusu ya kiasi. Akitapika tena, peleka kinyesi chake kwa daktari wa mifugo kikachunguzwe minyoo.

Usimpe panya uliyemtega jikoni au ghalani, hata ukikosa wengine. Huenda amekula sumu ya panya nyumba ya jirani, na sumu hiyo humfikia anayemla. Afadhali nyoka akae wiki tatu bila kula mpaka upate panya weupe wa kufugwa.

Gamba likibaki

Likivuka vipande vipande, shughulika na gamba kwanza, chakula baadaye. Mweke nyoka kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya hewa na mfuniko, maji ya nyuzi 28 hadi 30, kina kisichozidi nusu ya unene wake, kwa dakika 20 hadi 30. Usiondoke, nyoka aliyechoka huzama. Kisha mpitishe polepole ndani ya taulo lenye unyevu ulilolishika kwa mkono mmoja, ajivute mwenyewe. Kipande kinachogoma kiache, rudia kesho. Kuchuna kwa kucha hutoka na ngozi mpya. Mafuta ya nazi hayasaidii: hupaka juu tu, hayalainishi kama maji, na yanashika uchafu.

Ncha ya mkia isidharauliwe. Pete ya gamba kavu hubana damu, na ncha hufa na kukatika. Kioo cha jicho kilichobaki usikiguse kwa kibanio wala pamba kavu; ongeza unyevu na ungoje mzunguko ujao. Kikibaki mara mbili mfululizo, ni kazi ya daktari. Baada ya kumlowesha mpumzishe siku moja au mbili ndipo umpe chakula. Nyoka mwenye kioo kimoja kilichobaki hula vizuri tu, ila lenga upande wa jicho jema.

Mgomo usio wa gamba

Siku saba baada ya gamba kuvuka bado anakataa? Kagua joto kabla ya kumkagua nyoka. Dume wa chatu mpira katika msimu wa kupandana hugoma miezi kadhaa akiwa na afya tele, na hapo mizani ndiyo shahidi: akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, tafuta daktari. Mtafute mapema zaidi ukiona anapumua mdomo wazi, anatoa mapovu au mlio wa filimbi, au macho yamebonyea. Jicho moja tu likiwa na ukungu na uvimbe, hajivui huyo. Huenda ni maambukizi chini ya kioo. Na nyoka anayejilaza kwenye bakuli la maji mchana kutwa, huku vidoti vyeusi vikielea, ana utitiri. Nyoka mwenye utitiri hujivua mara kwa mara na kukosa hamu ya kula, na hakuna unyevu utakaomsaidia mpaka wadudu watoke.

Wawili wana hesabu yao. Kitoto kilichototolewa juzi kisilishwe mpaka kijivue mara ya kwanza, kwa kawaida siku saba hadi kumi baada ya kutoka yaini. Mpaka hapo kinaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Na jike mwenye mayai hujivua gamba maalumu kabla ya kutaga: nyoka-mahindi hutaga siku 10 hadi 14 baada yake, chatu mpira karibu siku 30. Huyo usimsumbue kwa chakula. Mwandalie boksi la kutagia lenye unyevu, na mlo wake wa kwanza baada ya mayai uwe mdogo, nusu ya aliouzoea.